Dadu Chini ya Kikombe

Jumanne, tarehe tisa Machi, zahanati ilikosa dawa na Siwema akafa. Tangu hapo mumewe, Chande, huwachezesha majirani mchezo wa kusimuliana: wao miungu, yeye mtunga miji, na dadu ndiyo huamua. Kila mji wake una wakubwa wezi. Miungu huwageuza mbuzi, nyumba nzima ikacheka.

Leo, akisimulia mji mpya, ulimi ulimteleza Chande: "Zahanatini amelala Siwema."

"Basi leo mbuzi wapumzike, shemeji," akasema Mwanaidi, mdogo wa marehemu, akirusha dadu. "Mimi ndiye mungu wa uhai. Ikija sita, anapona?"

"Anapona."

Lakini kabla dadu haijatulia, Chande akaifunika kwa kikombe, akakikandamiza kwa viganja viwili.

Mwanaidi akamshika mkono. "Mkaidi wewe! Unaogopa sita, au unaogopa isiyo sita?"