Sahani ya Nne

Sahani ya tatu ilifika mezani, na Immakulata hajagusa hata ya kwanza.

Bazilio alizitazama, hasira ikampanda. Mkate wa kuchoma wenye nyanya ulikuwa umeshalowa. Vipande vya samaki wa mgebuka katika mafuta na limau vimelala vilevile. Na hii ya tatu ni ugali, jamani, ugali uliokatwa vipande, ukakaangwa, ukapewa jina la Kitaliano.

Nduwayezu, mwenye mgahawa, aliwahi kuwapikia Waitaliano katika kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Kambi ilipofungwa akaja Kasulu mjini kufungua wake, na sharti lake ni moja: sahani ndogo, zinakaa katikati, mnachovya pamoja. Ndiyo maana Bazilio alipachagua. Watu wakishachovya sahani moja, maneno magumu hulainika.

"Kula basi, Mama Theodosia."

"Nashukuru, baba. Kula wewe," alijibu Immakulata, macho ukutani.

Kiti alikigeuza upande tangu alipofika. Mkono hakumpa. Mwanamke huyu huyu ambaye sokoni humshika bega na kumtania kwamba meza anazochonga zinachechemea! Leo kajitanda kanga hadi kwenye nyusi.

Bazilio akajimiminia mvinyo wa Dodoma, glasi ya pili. Ya mwenzake bado ilikuwa imejaa. Mwaka mzima amepanda hadi kwa Immakulata, kijijini Muyama, kila Jumapili, na sukari, na sabuni. Mama akiwa hajarudi kanisani, aliyepokea ni binti yake, Theodosia. Mwezi uliopita alipeleka kitanda cha mninga, alichokipiga msasa siku nne kwa mkono wake. Mjane wa miaka arobaini na moja, fundi seremala wa thelathini na sita. Miaka mitano ni kitu gani? Leo alikuja kuchukua jibu, naye anahangaika na mtu asiyefungua kinywa.

"Kitanda kilifaa?"

"Kilifaa sana. Theodosia anakifuta kila asubuhi."

Ikaja sahani ya nne, mipira ya nyama kwenye mchuzi. Immakulata akauliza, bado anatazama ukuta, "Baba zako wakubwa wako hai?"

"Wawili."

"Na kinywaji, ni kila siku?"

Bazilio akaisogeza glasi mbali. Hayo yalikuwa maswali ya mtu anayepima, yalimpa moyo. Lakini mipira ikaanza kupoa nayo, na uvumilivu ukamwisha.

"Unanidharau?" alisema. "Kama ni hapana, sema hapana niende zangu. Nimechoka kubembeleza."

"Sijakudharau. Najua ulichokuja kuomba, na jibu ni ndiyo. Kaka yangu naye ameridhia."

Mwaka mzima, na limetoka hivi hivi, juu ya ugali wa kukaanga. Bazilio akachoma mpira mmoja wa nyama kwa uma, akauinua mpaka karibu na mdomo wa Immakulata.

"Basi tule."

Immakulata aliruka kutoka kitini, akampa mgongo, kanga ikamfunika uso wote.

"Usinitie aibu mbele za watu, baba. Umeona wapi mama anatafuna mbele ya mkwewe? Theodosia nimemwacha hapo nje. Ngoja nimwite mchumba wako, mle wawili."