Hereni za Mama

Kwenye chumba cha MRI huingii na chuma wala dhahabu, kwa hiyo Mama alimwachia binti yake hereni. Titi la kulia lilishapatikana na saratani; leo walitaka kujua kama la kushoto limesalimika.

Mama alilala kifudifudi, matiti yakining'inia kwenye matundu ya kitanda cha mashine.

"Usilie, mama," mpiga picha wa hospitali alimwambia kwenye spika za masikioni. "Kifua kikitikisika, picha zinaharibika."

Kila mara mashine iliponyamaza, mpiga picha alimtania. "Afadhali wewe hukoromi!"

Kisha dawa ya kung'arisha picha ikapita mshipani, ya baridi. Mashine ikagonga, ikanyamaza. Safari hii utani haukuja.

Nje, binti alikuwa amezivaa hereni. Alipomwona Mama akitoka, akaanza kuzivua haraka.

"Kaa nazo tu, mwanangu," Mama alisema. "Zimekupendeza."