Ukuta wa Mama Kompyuta

Mama Kompyuta alivua kandambili, akaipiga ukutani kwa nguvu zake zote. Pa! Pa! Pa! Upande wa pili kukawa kimya kidogo, kisha kukagongwa tena. Mara tatu, vilevile.

"Gonga mpaka mkono ung'oke!" alifoka, akarudi kwenye kiti.

Mashine yake ilikuwa inanguruma kama ya kusaga nafaka. Alikuwa akiandika programu ya kupanga foleni za wagonjwa kwenye zahanati, na kila alipobadilisha mistari miwili, kompyuta ilitumia dakika kumi na mbili kuijenga programu nzima upya. Dakika zote hizo feni zilipiga kelele utadhani zinachinjwa. Ikiisha, anagundua kosa, anaanza tena. Ndivyo ilivyokuwa tangu asubuhi mpaka jioni, siku nenda siku rudi, na katikati ya hayo yote huyo mtu wa ukutani.

Alikuwa mke wa jirani. Wanandoa hao walihamia miezi mitatu iliyopita, na Mama Kompyuta hakuwahi hata kuuona uso wa mwanamke huyo. Habari zake alizipata kwa mumewe, bwana mmoja wa mashati yaliyonyooka, aliyemsimamisha uani akielekea kazini.

"Dada yangu, samahani sana. Mke wangu ana maradhi ya kichwa, kelele zinamtesa. Ukisikia anagonga, ujue hiyo mashine yako imemshinda."

"Maskini, pole yake, shemeji. Basi niende nikamwombe radhi mwenyewe."

"Hapana, hapana. Haonani na watu. Wewe punguza kelele tu, inatosha."

Alisema kwa adabu, tena huku anatabasamu. Wiki iliyofuata akaenda kumshtaki kwa mwenye nyumba. Karatasi ikapenyezwa chini ya mlango: kelele zikiendelea, mwisho wa mwezi ahame.

Miaka sita alikuwa amekaa chumba kile. Aliisoma karatasi akiwa amesimama, akaisoma tena, akaifinyanga na kuitupa. Mgonjwa gani huyo mwenye nguvu za kugonga ukuta kutwa nzima? Mume akiwepo, kimya. Mume akitoka tu, ngo ngo ngo. Kumbe anajidekeza kwa mumewe, halafu mwenzake afukuzwe nyumba!

Akaenda kwa fundi wa kompyuta, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Mzee, nataka mashine yenye kasi, isiyo na sauti, na mfukoni sina kitu cha maana."

Fundi akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, kwani wewe unataka kompyuta au unataka muujiza?"

"Nataka nisifukuzwe nyumba kwa sababu ya mwanamke asiye na haya."

Mzee akaacha kucheka. Akamvutia kigoda. "Sikiliza. Kinachokupigia kelele ni joto. Feni ndogo inakimbia kama imefumaniwa. Feni kubwa inatembea tu, na kazi inafanyika."

Wakaanza kuokoteza. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ilitoka kwenye mashine ya ofisi iliyofungwa. Ya zamani kidogo, lakini yenye nguvu mara nne ya ile yake. Juu yake wakafunga kipoza joto kikubwa kama tofali. Feni mbili pana, za mwendo wa pole. Kumbukumbu ya kutosha. Diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, hiyo pekee waliinunua mpya. Kasha lilikuwa limebonyea ubavuni. Fundi akaligonga kwa nyundo, likanyooka nusu, wakaliacha hivyo.

Skrubu alizikaza mwenyewe. Kila moja aliikaza kana kwamba anamkaba mtu koo.

"Taratibu, mwanangu," fundi alimwambia. "Hiyo bodi haijakukosea."

Jumatatu asubuhi, jirani alipokwisha kwenda kazini, Mama Kompyuta aliiwasha. Hakusikia kitu. Akadhani imekufa. Akaweka kiganja kwenye kasha, akahisi upepo mwembamba ukimpita vidoleni. Akaiamuru ijenge programu nzima. Dakika moja na nusu, imekwisha! Hata kikombe cha chai alikuwa hajakimaliza.

Akacheka peke yake. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba alisikia saa yake ya mkononi. Akavuta kiti karibu na meza, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kicheko kikamkauka. Damu ikampanda kichwani. Alinyanyuka, kandambili mkononi, akauchapa ukuta mpaka chokaa ikamdondokea nyweleni.

"Kelele ziko wapi leo? Eh? Nionyeshe! Mashine nimebadilisha, na bado unagonga? Una nini na mimi wewe?"

Ukuta ukagongwa tena, safari hii haraka haraka, bila kupumzika. Mama Kompyuta akapanda juu ya kiti, akapeleka mdomo kwenye upenyo uliokuwa kati ya ukuta na dari, amtukane vizuri, tusi la mwisho, limfikie na asilisahau.

Kabla hajafungua kinywa, akasikia sauti. Ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, ya mtu aliyeita siku nyingi.

"Dada? Bado upo? Mashine siisikii, nikadhani umehama."

"Nipo! Unataka nini?"

"Kila akitoka ananifungia kwa nje, funguo anaondoka nazo. Mbona huji, dada? Miezi mitatu nagonga, na wewe kila siku unanijibu."