Hewa ya Murang'a

Sufuria ya wali ilipita juu ya kichwa cha Wakiuru, ikagonga mlango na kutua miguuni pa Teresiah, ambaye wakati huo alikuwa ameshafumba macho aanze maombi.

"Ushindwe!" akasema Teresiah, akayafumbua.

Aliyeirusha ni Koki, msichana wa miaka minane, na kosa la wageni lilikuwa kukalia kiti chake. Ndindi, mama yake, alikuwa amewaonya mlangoni. Lakini kina mama wa ushirika wa kanisa hawakuja Jumamosi ile kuonywa. Walikuja kusaidia.

Na Ndindi, jamani, alisaidiwa. Tangu ahamie mtaa wa Tena mwaka uliopita, msaada haukumpa nafasi ya kupumua. Mmoja alimletea maji ya maombi, mwingine kiboko, mwingine akamshauri amnyime mtoto mayai. Wa kumshikia Koki kidogo ili naye apate kuoga, huyo ndiye hakupatikana. Wote walikuwa na shughuli, wengi wao shughuli ya kumwombea.

Koki hakuwahi kusema neno. Akiudhika alijing'ata mkono, akavua nguo, akapiga mayowe mpaka majirani wa mbali wakajua ameudhika. Kitu kimoja tu kilimtuliza: kupanda kitanda chake kilichokuwa pale pale sebuleni na kugonga ukuta. Tatu za haraka, moja ya polepole. Kisha aliweka sikio ukutani akacheka, peke yake, kama mtu aliyesimuliwa jambo tamu. Ndindi aliwahi kukihamishia kitanda upande mwingine. Koki alilia siku nzima, halafu akakisukuma mwenyewe mpaka kikarudi.

Ukuta huo ndio ulioleta wageni. Ng'ambo yake aliishi Teresiah, mwenyekiti wa ushirika, na Teresiah hapendi kelele. Redio yake yeye ililia kuanzia alfajiri, hata akiwa hayupo. Ilikuwa ya kuwadanganya wezi, alieleza, wafikiri kuna mtu ndani. Na akitoka alitia mlango kufuli la ukubwa wa ngumi na kuuvaa ufunguo shingoni. Mumewe alifanya kazi Mombasa, mwanawe Irungu alisoma shule ya bweni, kwa hivyo alikuwa peke yake na uangalifu wake. Ushirika ulikutana nyumba kwa nyumba kwa zamu, na kila zamu ya Teresiah ilipofika, nyumba ilikuwa inapakwa rangi. Hakuna nyumba Nairobi iliyopata kupakwa rangi kama ile.

"Mama Koki," Teresiah alianza, akiisukuma sufuria kando kwa ncha ya kiatu, "mimi sikuhukumu. Huu msalaba naujua. Njoki wangu si alikuwa mbaya kuliko huyu? Muulize Wakiuru."

"Alikuwa mbaya," Wakiuru akashuhudia, huku akiokota wali begani. "Aliniuma hapa. Na hapa."

"Nikampeleka Murang'a kwa cucu, nyanya yake. Saa hii anachota maji, anachunga mbuzi, anaimba kanisani. Ni hewa ya huko! Hapa Nairobi watoto kama hawa wanaharibika tu."

"Na hukosi usingizi ukimfikiria?" Ndindi akauliza.

Teresiah akanyoosha kitambaa kichwani. Sauti yake ilipotoka, ilikuwa imepungua uenyekiti.

"Ukimpenda mtoto, unamweka mahali watu hawatamcheka."

Maneno hayo yalimwingia Ndindi. Wengine wote walimpa ushauri, lakini huyu alikuwa na ushahidi. Kimeu, mume wa Ndindi, alikuwa dereva wa lori, na Jumatatu angepeleka mzigo Kitui. Angeweza kumwacha Koki huko kwa nyanya yake. Nyanya huyo alikuwa mzee asiyeona vizuri, na alikuwa ameshaulizia kama mtoto atakuja na kamba yake ya kufungiwa au atafutiwe huko. Hewa nayo ingefanya mengine.

Mkoba wa Koki ulikuwa tayari nyuma ya mlango. Kimeu alikuwa amesema hambebi mtoto mpaka mama yake akubali kwa kinywa chake, na Ndindi alikuwa hajakubali. Alimpenda Koki. Lakini alikuwa amechoka, amechoka hasa, na mwanamke aliyepita njia hiyo hiyo alikuwa ameketi mbele yake akiwa mzima, msafi, na kitambaa kimenyooka kichwani.

Pale kitandani Koki alikuwa ameanza kugonga, lakini redio ya jirani ilimzidi nguvu.

"Basi," Ndindi akasema. "Basi, acha aende..."

Stima ikapotea.

Si jambo geni. Stima ya Tena ilikuja na kwenda ilivyotaka, ila mara nyingi usiku. Walijua imepotea kwa sababu redio ya Teresiah ilikatika katikati ya tangazo la sabuni. Kukawa kimya ambacho Ndindi hakuwahi kukisikia mchana katika nyumba ile.

Teresiah akasimama wima. "Tuimbe! Wakiuru, anzisha wimbo!"

"Upi?"

"Wowote! Wa sauti!"

Wakiuru hakuwa mtu wa kuimba ovyo. Akatoa kitabu cha nyimbo mkobani, akalamba kidole, akaanza kutafuta.

Koki akagonga. Tatu za haraka, moja ya polepole. Akaweka sikio ukutani, akangoja.

Na huko Murang'a, ng'ambo ya ukuta, mtu akajibu: tatu za haraka, moja ya polepole.