Jagi Moja

"Mama, chupa yako umeinywa mwenyewe kila siku baada ya mazoezi?" aliuliza mtafiti, kalamu mkononi.

Fundi cherehani mstaafu alikandamiza pamba palipochomwa sindano. Wiki nane alikuwa akipanda na kushuka ngazi na wifi yake. Katika utafiti huo, baadhi ya wazee walipewa juisi ya komamanga, wengine maji ya rangi, ili ijulikane kama juisi hutuliza uvimbe wa misuli. Nani kapewa nini, ilikuwa siri.

Siri gani. Siku ya kwanza tu walionjeshana, yake ilikuwa juisi, na ya wifi maji ya rangi tu. Tangu hapo wakamimina zote kwenye jagi moja na kugawana nusu kwa nusu, kama walivyogawana kila kitu tangu wawe wajane.

"Jibu lako litawafaa kina mama wengi," mtafiti alisema.

Nje, ndara za wifi, ambaye zamani alipumzika kila baada ya hatua chache, zilisikika zikipanda ngazi bila kusimama hata mara moja. Kwenye karatasi, huyo ni mnywa maji. Akipata nafuu sawa na wanywa juisi, watasema juisi haina faida.

"Mwanangu," fundi akasema, "hebu weka kalamu chini kwanza."