Msomaji wa Mwisho

Tovuti ya marehemu hufutwa mwaka ukiisha, isipokuwa kama imetajwa kwenye marejeo ya kitabu kilichochapwa, pamoja na tarehe iliposomwa na jina la aliyeisoma mwisho. Sheria ndiyo hiyo, hakuna wa kumlilia. Kwa hiyo Mwanaheri, mpanga kurasa, kila mwaka humchomeka mama yake kwenye kitabu cha mtu.

Safari hii mwenye kitabu, Dakta Lugendo, alimfuata mpaka mezani.

"Dada, mapishi ya visheti yameingiaje kwenye kitabu changu cha madaraja?"

"Ni ya marehemu mama, Dakta. Nisamehe, nayatoa sasa hivi."

Dakta akavuta kiti. "Yaache. Mchomeke na mke wangu. Alikuwa akiandika habari za bustani yake. Tovuti yenyewe sijathubutu kuifungua tangu tumzike."

Mwanaheri akaandika jina la marehemu, kichwa cha ukurasa kwa italiki, kisha anwani. Akaifungua tovuti ili apate tarehe na msomaji. Yakatokea mawaridi, na chini yake, kwa maandishi madogo, tarehe na jina la msomaji wa mwisho.

"Kasoma nani?" Dakta akauliza.

Mwanaheri akainamia kioo asome. Tarehe ilikuwa ya leo. Jina lilikuwa la mama yake.