Makato ya Kila Mwezi

"Shemeji! Hatimaye umekuja," mlinzi wa kiwanda cha magodoro alisema, akamfungulia geti kabla hajajieleza.

Fundi cherehani aliitikia salamu tu. Ushemeji ulikwisha zamani, siku mahakama ilipovunja ndoa yake na mumewe, mkata sponji wa kiwanda hiki, yule ambaye wenzake walimbatiza Bubu kwa uchache wa maneno. Aliapa kutokanyaga hapa tena. Leo alikuwa na shughuli moja, kisha basi.

"Naenda kwa mhasibu," alisema.

"Bubu yuko karakana ya nyuma. Ngoja nimwambie..."

"Usimwambie kitu, kaka. Tafadhali."

Mlinzi akatabasamu kama mtu aliyekabidhiwa siri tamu.

Ngazi za kwenda ofisini zilinuka gundi. Harufu hiyo ilikuwa imelala naye miaka yote ya ndoa, kwenye mashati, kwenye mto, kwenye nywele za mtu. Alishika ukuta, akavuta pumzi, akapanda.

Mhasibu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni. Akamkaribisha kiti.

"Nimekuja kwa ajili ya yale makato," fundi akaanza. "Ya matunzo yangu, mnayomkata Bubu kwenye mshahara. Nataka yasimame. Hakimu alisema nikiolewa tena, basi. Na mimi nimeolewa, Ijumaa iliyopita." Akaweka nakala ya cheti cha ndoa mezani.

Mhasibu hakuigusa. "Umeolewa," alisema taratibu.

"Na dereva wa lori, mgane. Mtu mwema."

"Hongera, mwanangu." Lakini hongera hiyo ilitoka kama pole.

Fundi alihisi anahukumiwa, na damu ikamchemka. Hakuwahi kula fedha ya mtu bure. Mama mkwe alipopooza, ni yeye aliyefunika cherehani, akaacha wateja wake, akawa anamgeuza mgonjwa kitandani na kumlisha kwa kijiko mpaka siku walipomzika. Baada ya mazishi nyumba ikawa kama nayo imezikwa. Bubu alirudi kazini, akala, akageukia ukutani. Mke akilia, mume anatoka nje. Mke akiuliza, mume anatikisa kichwa. Mwishowe akakusanya nguo zake, akaondoka.

Mahakamani ndipo Bubu alipofumbua mdomo, na kilichotoka kilikuwa moto mtupu. "Ameniacha mwenyewe! Kwa hiari yangu hapati hata senti. Labda mnilazimishe!"

Wakamlazimisha. Hakimu aliamuru fedha ikatwe kiwandani moja kwa moja, isipite mikononi mwa mtu huyo mkaidi.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi simu ya fundi ililia mlio mfupi: malipo kutoka kiwandani. Fedha hizo zilimsaidia, hawezi kusema uongo. Alifufua cherehani, akakodi chumba cha kushonea. Lakini hakuna siku aliyousoma ujumbe ule asiisikie sauti ile ya mahakamani.

Dereva alipomposa, fundi alimwomba muda, bila kumwambia wa nini. Alikuwa anangoja neno moja kutoka kwa Bubu. Hata "hujambo" ingetosha. Angefunga virago siku hiyohiyo akarudi, na aliona aibu kujua hivyo. Miezi ikaja na kupita. Kilichofika ni mlio wa kiwanda tu, fedha iliyonyofolewa kwa mtu kwa nguvu. Moyo ukachoka. Akamwambia dereva ndiyo.

"Sitaki kuendelea kula jasho la mtu anayenichukia," alimwambia mhasibu. "Mwachieni mshahara wake. Mimi mwenyewe nimeshamwachia."

Mhasibu alifuta miwani yake kwa ncha ya blauzi, polepole, kama anayetafuta pa kuanzia. "Anajua kwamba umeolewa?"

"Sijui. Atajua akiuona mshahara umerudi mzima."

Chini, mashine ya kukata sponji ilinguruma, kisha ikanyamaza. Fundi alikuwa ameshageuza uso dirishani kabla hajajizuia.

"Mwanangu," mhasibu alisema, "amri ile haikuwa ya kungoja uolewe tu. Ilikuwa na muda wake. Hukuisoma?"

"Siku ile nilikuwa nalia, mama. Ningesoma nini?"

"Muda wake uliisha mwaka juzi. Mahakama ilitutaarifu tusimamishe, na mimi nikasimamisha mara moja."

Fundi akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Hata mwezi uliopita imeingia."

"Imeingia kwa sababu Bubu alipanda hapa, mikono imejaa gundi, akaniomba niendelee kukata. Nikamwambia, mwanangu, hudaiwi tena. Kama unataka kumpa, si umpelekee mwenyewe? Akakaa hapohapo ulipokaa wewe, akawa anabandua gundi vidoleni. Halafu akaniambia, 'Ikitoka mkononi mwangu ataikataa. Mwache aendelee kudhani ninalazimishwa.'"